Safi na Fifi

"Doa hili limetoka wapi kama siyo kichwani—"

"Nimeshakwambia ni grisi! Grisi ya mnyororo wa—"

"—kwako! Grisi gani hiyo inanukia kama duka la Selestini?"

"—baiskeli! We mama Kristofa, acha kunipigia kelele kwenye shamba la watu!"

"La watu gani? Shamba langu, chanja yangu, pamba yangu, na hili shati ni la mume wangu!"

Walikuwa wamesimama huku na huku ya chanja ya kuanikia pamba, Nyamizi upande wa jua, Lukresia upande wa kivuli. Katikati yao, juu ya pamba nyeupe pee, lilikuwa limelazwa shati la Masalu kama marehemu anayesubiri ndugu waje kumtambua. Begani, upande wa kulia, palikuwa na doa jeusi kiasi cha kiganja. Nyamizi alilikuta asubuhi wakati anafua. Alilipiga sabuni ya mche, halikutoka. Akalipiga limau, likamcheka. Basi akalikunja lile shati na maji yake, akalitia kwapani, akasubiri saa ya wanawake kuja kumsaidia kuchambua pamba. Ilikuwa zamu yake wiki ile, na Lukresia hakosi zamu ya mtu.

Wanawake wengine watatu waliokuja kusaidia walikuwa wameinamia pamba kwa bidii ambayo haijapata kuonekana hapo kijijini tangu enzi za chama cha ushirika. Mikono inachambua, masikio yako wazi kama milango ya kanisa Jumapili.

"Kichwa changu na bega la mume wako vikutanie wapi?" Lukresia aliuliza, mkono kiunoni.

"Si ndilo ninalokuuliza mimi!"

"Na nani kakwambia kichwa changu kinatoa rangi? Nywele zangu za asili hizi. Mama yangu kafa na miaka themanini, kichwa cheusi kama chungu cha dagaa. Sisi kwetu hatuoti mvi, mayu. Sasa wewe kama zako zimeamua kufifia, usinitafute mimi ubaya. Pamba yenyewe ina safi na ina fifi. Kila mtu na gunia lake."

Hapo mmoja wa wale watatu alishindwa, akacheka kwa pua.

Kwa mtu wa Bariadi neno hilo si la kurusha ovyo. Safi ni ile pamba ya kwanza, nyeupe, inayong'aa. Fifi ni ile ya mwisho, iliyonyeshewa, yenye majani na vumbi, inayowekwa gunia la pembeni. Kumwambia mwanamke wa miaka arobaini na sita kwamba kichwa chake ni fifi, mbele ya mashahidi watatu, kwenye chanja yake mwenyewe! Nyamizi alipeleka mkono kwenye kilemba bila kutaka. Alipogundua kwamba mkono umemsaliti, akaushusha, akachukua shati lake, akaingia ndani. Pamba iliyobaki wakachambua wenyewe.

*

Kinachouma ni kwamba Lukresia hakuwa mdogo kwake hata kwa siku moja. Walibatizwa siku moja, na padri mmoja, kwa maji ya beseni moja, na walikaa dawati moja mpaka darasa la nne. Nyamizi alikuwa shahidi wa umri wa Lukresia kuliko cheti.

Na alikuwa shahidi wa jambo jingine. Miaka sita nyuma, Thomasi, mume wa Lukresia, alipofariki, siku ya kumaliza matanga ukoo wote ulinyolewa vichwa kama desturi inavyotaka. Aliyeshika wembe wa kumnyoa mjane alikuwa Nyamizi. Aliviona kwa macho yake vinywele vyeupe vikidondoka kwenye kanga. Vitatu, vinne, hakuhesabu, msiba ni msiba. Lakini nywele zilipoota tena, ziliota nyeusi tii, kama kichwa kipya kimetoka kiwandani. Watu wakasema Mungu kamfuta machozi. Nyamizi akasema moyoni, Mungu hauzi rangi.

Angeweza kumwachia nywele zake. Tatizo lilikuwa pamba.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu soko lifunguliwe. Zamani pamba ilikuwa ya ushirika, ukipeleka unangoja malipo mpaka unasahau ulipeleka nini. Sasa kampuni zilikuja na malori yao, wanagombania mkulima kama mchumba, wanalipa papo kwa papo. Maduka ya Bariadi yakajaa vitu ambavyo zamani mpaka uwe na ndugu Nairobi. Na wanaume wa pale, wakishauza pamba, walikuwa na safari tatu zinazojulikana: bati, baiskeli, na mke wa pili.

Masalu alikuwa ameshaezeka bati. Baiskeli alikuwa nayo.

Halafu, tangu mavuno yaanze, kila jioni anakaa kwa Lukresia. Eti anasikiliza redio. Redio ya Lukresia inashika bei za pamba, ya nyumbani haishiki. Nyamizi alishajaribu ya nyumbani mara kumi, ikashika bei za pamba vizuri kabisa, ikashika mpaka mpira. Alipomwambia, Masalu akajibu, "Ya kule sauti yake imetulia."

Sauti ya redio au ya nani?

Na lile la juzi ndilo lililommaliza. Walikuwa wanatoka shambani wawili tu, jua limelegea, Nyamizi amefungua kilemba apate upepo. Msimu wa kuvuna kila mtu anarudi na pamba kichwani, ndevu, nyusi, watu wazima wanafanana na kuku waliolala kwenye unga. Masalu akasogea, akanyoosha mkono, akamtoa pamba nywelani. Akatoa ya kwanza. Akatoa ya pili. Nyamizi akapunguza mwendo. Ilikuwa imepita miaka mingapi mwanaume huyu hajamgusa kichwa! Akainamisha shingo kidogo, amsaidie. Masalu akashika ya tatu, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena kwa nguvu.

"Yala!" Nyamizi aliruka.

Masalu akaangalia kidole chake. Akaangalia kichwa cha mkewe.

"Kumbe ni zako," alisema, akaendelea na safari.

Kumbe ni zako! Maneno matatu. Nyamizi aliyabeba mpaka nyumbani, akapika nayo, akalala nayo.

*

Siku ya pili baada ya ugomvi wa chanja, alikwenda mjini kwa Selestini. Duka lake lilikuwa dogo lakini lina kila kitu cha kupaka mwilini, kuanzia cha kukung'arisha mpaka cha kukubabua.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka mhola. Naulizia ile... ile ya unga. Ya kichwa."

"Dawa ya chawa?"

"Chawa ni wa kwenu! Ile nyeusi."

"Aaa, piko." Selestini alitamka kwa sauti ya kutangazia mnada. "Ya kwako?"

"Ya mgeni."

"Wageni wako wengi mama. Kila mama anayekuja hapa, piko ni ya mgeni. Sijui hao wageni wanalala wapi, maana mji mzima hakuna mwenye mvi." Akaweka pakiti mezani. "Mwambie mgeni wako achanganye na maji kidogo, apake kwa mswaki wa zamani, akae nusu saa. Akichelewa kunawa, masikio yanakuwa ya mkaa."

"Anayejua sana kuipaka kule kijijini kwetu ni nani?" Nyamizi aliuliza, macho kwenye dari. "Mteja wako wa siku nyingi."

Selestini akacheka. "Mama, duka hili ni kama kiti cha kuungamia. Nikianza kutaja, kesho nafunga."

Pakiti ile alikaa nayo siku tatu, imefichwa kwenye debe la mtama. Usidhani uamuzi ulikuwa rahisi. Nyamizi alikuwa mstari wa mbele kwaya ya kanisa, na mara ngapi mwenyekiti wao, Mektilda, alishasimama akasema mvi ni taji, mwanamke anayeficha taji anamtukana aliyemvika. (Mektilda mwenyewe hakuwa na mvi hata moja, lakini hilo Nyamizi alikuja kuliwaza baadaye.) Halafu kulikuwa na mama yake, aliyezikwa Kiloleli na kichwa cheupe chote, mwanamke ambaye akipita watu wanasimama. Hakuna aliyewahi kumwita fifi.

Na tena, akipaka, Lukresia si atajua ameshinda? Atajua neno lake limeingia mpaka kwenye mfupa. Akiacha, ataendelea kuwa mweupe pembeni ya mweusi, na Masalu ana macho. Akipaka ameshindwa, asipopaka ameshindwa. Alimwonea wivu Lukresia hata katika hilo: kwamba yeye alishapaka zamani, bila ya kupigana na mtu, akamaliza.

Siku ya tatu, jioni, Masalu alivaa shati la bluu. La bluu doa halionekani. Akavaa pama lake kichwani, akasema, "Nakwenda kusikiliza bei mara moja."

Nyamizi aliingia ndani, akazamisha mkono kwenye debe la mtama.

Alipaka kesho yake mchana, amejifungia. Mswaki ulikuwa wa Kristofa, mtoto wa kwanza, aliouacha alipokwenda kufundisha Nyalikungu. Ile piko ilinuka kama betri iliyokufa, ikamwasha, machozi yakamtoka. Aliponawa, maji yalitoka meusi, halafu ya kijivu, halafu meupe. Akachukua kioo cha Masalu cha kunyolea ndevu.

Alikaa kitandani na kile kioo muda mrefu. Mwanamke aliyekuwa mle ndani alikuwa anamfahamu. Walipotezana kama miaka kumi hivi.

*

Siku ya kupima pamba, walipakia magunia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka kwenye mzani wa kampuni, njia ya kwenda mjini. Nyamizi alikuwa na kilemba mpaka walipofika. Masalu hakuwa ameona kitu, alikuwa anapigana na ng'ombe. Kufika pale watu wamejaa, foleni, jua kali, na Lukresia yuko mbele na magunia yake mawili, kitambaa chepesi kimerudishwa nyuma makusudi ili asili ionekane.

Nyamizi akafungua kilemba, akakikung'uta taratibu kama mtu anayetoa vumbi tu.

Lukresia alimwona kwanza kwa pembe ya jicho. Kisha kwa jicho zima. Kisha akageuka mwili mzima, akaja.

"Umepaka."

"Nini?"

"Umepaka, mama Kristofa. Usinitanie mimi."

"Asili hizi. Sisi kwetu tunachelewa, halafu zinarudi."

Lukresia aliangalia ukingo wa paji, akaangalia nyuma ya sikio, anatafuta kosa kama karani anayetafuta mawe ndani ya gunia. Hakupata. Na pale Nyamizi akauona, kwa mara ya kwanza katika maisha yao wote wawili, ule uso ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuvaa miaka sita: uso wa mtu anayemeza kitu kisichoshuka. Mungu amsamehe, ulikuwa mtamu kuliko mhogo wa kuchoma.

Zamu yao ikafika. Karani wa kampuni hakufungua hata gunia moja. Safi na fifi, vyote juu ya mzani, vyote ndani ya lori. Siku zote zile za kuchambua! Masalu alivua pama, akajifuta jasho, kichwa chake chote cheupe kikabaki wazi juani, akaanza kubishana na karani habari ya uzito.

Ndipo yule mzee alipokuja.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, fimbo mkononi, viatu vya matairi. Alifika mbele ya Masalu, akaweka fimbo chini, akachuchumaa. Watu wakageuka. Mzee kumchuchumalia mzee mwenzake namna ile, macho chini, ni jambo moja tu: ni mkwe mbele ya baba mkwe.

"Mwadila, baba."

"Mwadila mhola," Masalu alijibu, hajaelewa. "Inuka bwana, una shida gani?"

"Naitwa Mayige. Natokea Mwanhuzi, nimeleta ng'ombe mnadani, mnada ni kesho. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Sina maneno mengi, baba. Nimemwona binti yako."

"Binti yangu? Binti zangu wote wameolewa."

"Huyu hapa mwenye nywele. Kama hajaposwa, nina ng'ombe ishirini, hakuna kilema hata mmoja."

Mzani mzima ulilipuka kwa kicheko. Karani aliangusha daftari. Dereva wa lori alishuka ili acheke vizuri. Nyamizi alisikia joto likipanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye mizizi ya zile nywele. Ishirini! Masalu alimwoa kwa kumi na moja, na mmoja alikufa njiani.

"Huyu ni mke wangu!" Masalu alinguruma. "Mama wa watoto wangu watano!"

Mzee Mayige akainua macho. Akaangalia kichwa cha Masalu. Akaangalia cha Nyamizi. Akarudi cha Masalu.

"Nisamehe, mkubwa wangu."

"Mkubwa wako nani? Wewe una miaka mingapi?"

"Mimi nimelipa kodi ya kichwa ya mkoloni. Miaka mitano mizima nimelipa."

"Mimi mkoloni kaondoka nachunga mbuzi! Mbuzi! Halafu unaniita baba?"

"Nisamehe basi, mdogo wangu." Mzee aliinuka, akajipangusa magoti, hana hata chembe ya aibu. "Lakini mimi mtu wa ng'ombe. Nikimpenda mtamba na nikaambiwa ana mwenyewe, sigombani. Nauliza tu, aliyemzaa ni yupi? Huyu mkeo, mama yake yupo? Kama ni mjane, hana mtu?"

Hakujibiwa. Watu walikuwa wanashikiliana wasianguke. Masalu alikuwa ameshavaa pama lake mpaka kwenye nyusi na anawafunga ng'ombe kwa hasira. Mzee Mayige akamwangalia Nyamizi mara moja tu, kwa heshima, kama mtu anayeangalia shamba zuri la mwenzake, akaokota fimbo yake, akaondoka.

Lukresia peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake, kichwa chake cheusi kile hakuna aliyekitazama siku ile, anamfuata yule mzee kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya lori.

*

Njia nzima Masalu aliongea na ng'ombe tu, na ng'ombe hawakuyafurahia waliyoambiwa.

Nyamizi alikaa nyuma ya mkokoteni, ndani yake kuna sherehe na matanga kwa pamoja. Sherehe ilikuwa ya ng'ombe ishirini. Matanga yalikuwa ya mume. Kwa maana alimjua Masalu. Mwanaume aliyechekwa na mzani mzima kwa ajili ya mke, anatafuta mahali pa kwenda kuponya jeraha, na mahali penyewe pana redio yenye sauti iliyotulia.

Nyumbani alitenga ugali na mlenda. Masalu alimega tonge moja, akaliangalia, akalirudisha. Akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Narudi."

"Kusikiliza bei? Si tumeshauza!"

Masalu alikuwa ameshatoka, ameelekea kulekule. Nyamizi alichukua ufagio akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa asubuhi. Alifagia mpaka akafikia udongo mwekundu. Basi ndiyo hivyo. Amepaka ili asiachwe, na kupaka ndiko kumemfukuzia mume. Lukresia atakuwa anacheka sasa hivi, anamwekea chai, anamwambia pole baba, wanawake wengine hawajui umri wao.

Jua lilikuwa halijazama alipowaona. Wawili, wanakuja kwenye njia ya katikati ya mashina ya pamba. Masalu mbele. Lukresia nyuma, na kichwani amebeba beseni lililofunikwa kanga.

Nyamizi aliegemea ufagio. Vyombo. Mwanamke keshahamisha mpaka vyombo.

"Karibuni," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Karibu, mke mwenzangu."

"Mke mwenzako nani?" Lukresia alitua beseni. "Mama Kristofa, niheshimu. Mimi nimeletwa kazini."

"Kazi gani?"

Masalu alivuta kigoda, akakaa katikati ya uwanja, uso umeelekea zizini. Akavua pama.

"Huyu ni fundi," alisema, anaongea na zizi. "Nimemwomba. Ameniambia hawezi kumshika kichwa mume wa mtu nyumbani kwake, mpaka mbele ya mwenyewe. Sasa mwenyewe upo. Nipakeni."

Lukresia akafunua kanga. Kibakuli, mswaki, taulo kuukuu, na pakiti ya Selestini iliyokwishatumika nusu.

Nyamizi alikaa chini palepale vumbini. Alicheka mpaka ng'ombe wakageuka kumwangalia. Alicheka kicheko cha siku nyingi, kilichokuwa kimelundikana kama pamba ya ushirika.

"Na mke wa pili je?" aliuliza alipopata pumzi. "Sema leo. Bati unalo, baiskeli unayo."

"Mke wa pili!" Masalu aligeuka, uso umekunjamana. "Huyu mmoja tu naombwa kwenye mzani mchana kweupe, nimeshika kamba ya ng'ombe mkononi. Wawili nitawalinda saa ngapi? Pakeni, giza linaingia."

Basi wakapaka. Lukresia alikoroga, Nyamizi alishika mswaki. Ukimsikia Lukresia anavyoelekeza, ungejua hii si kazi ya kuambiwa na mtu. "Anzia kisogoni. Siyo nyingi hivyo, unampaka lami? Nyuma ya masikio usisahau, ndipo watu wanapokamatiwa. Na mafuta kwanza kwenye paji, la sivyo anatoka na mstari." Masalu akatulia kama mtoto anayenyolewa, macho amefumba.

"Na lile doa la shati?" Nyamizi aliuliza, chini chini, mswaki haujasimama.

Lukresia alikoroga kidogo.

"Ngata," alisema mwishowe. "Nilikuwa natoka shambani na gunia, nimepaka asubuhi, jasho likanitoka. Mumeo akanikuta njiani akanipokea. Akaweka gunia begani, na ngata yangu chini yake. Ndiyo ikampaka. Mimi nilipoliona nikaona aibu kuliko wewe."

"Kwa hiyo za asili..."

"Za asili za Selestini, mayu. Miaka sita. Toka siku ile uliyoninyoa. Nilikuona unaziangalia zile nyeupe kwenye kanga, nikasema hapana, huyu nimekaa naye dawati moja, hatanizeesha." Alivuta pumzi. "Wewe ulikuwa na mume wa kukutoa pamba kichwani. Mimi nilikuwa na nini? Nywele tu."

Miaka yote ile Nyamizi alidhani wivu uko upande mmoja wa chanja. Alimpaka Masalu sikio zima kwa bahati mbaya.

"Sikio hilo!" Masalu aliruka.

"Tulia, baba, unapendeza."

Wakafuta sikio. Lukresia akaichukua taulo, akaikunja mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena. Viganja vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye vifundo.

"Yule mzee wa Mwanhuzi," alisema. "Ng'ombe zake ziko mnadani mpaka kesho?"

Kitu kikamchoma Nyamizi chini ya titi la kushoto. Kilimshangaza mwenyewe. Hakumtaka yule mzee, Mungu ni shahidi, viatu vya matairi! Lakini zilikuwa ng'ombe zake ishirini zile. Ameombwa yeye.

"Unamuulizia wa nini?"

"Nimeuliza tu."

"Alinitaka mimi, Lukresia. Watu walisikia."

"Na alipokukosa aliuliza neno jingine, na watu walikuwa wanacheka, hawakumjibu. Mimi nililisikia." Lukresia aliweka taulo chini. Akanyoosha mkono wake mweusi, akamshika Nyamizi kiwiko, na sauti yake ikawa ndogo, ile ya darasa la pili alipokuwa anaomba kalamu. "Dada, nimechoka kubeba gunia peke yangu. Kesho asubuhi nitakuja uninyoe hizi nyeusi zote, ziishe. Halafu unipeleke mnadani, umwambie mimi ndiye mama yako."